Nilifukuzwa jeshini Marekani kwa bangi. Naweza kuomba uamuzi upitiwe upya nikiwa huku Dar?

Dereva wa Kimanga:

Wakuu, habari za jioni. Mnivumilie, ni refu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, naishi Tabata Kimanga, naendesha basi la shule. Mtaani wanajua tu kwamba "alikuwa Marekani akarudi". Nilishinda bahati nasibu ya viza, nikaenda 2008, na 2009 nikajiunga na jeshi la nchi kavu la kule. Ukiwa na kadi ya kijani inaruhusiwa, si lazima uwe raia. Nilikuwa dereva wa malori ya mizigo na kazi niliipenda. Beji ya udereva ninayo mpaka leo, iko kwenye kopo la siagi pamoja na sindano na vifungo.

2011 tukaletewa sajenti mpya wa platuni. Kambi na kikosi sivitaji. Alianza na maneno, akaja kwenye kushika, akaishia kugonga mlango wa chumba changu saa sita usiku akisema ni ukaguzi. Hakuna ukaguzi wa mtu mmoja saa sita usiku. Nikawa naegemeza kiti cha chuma chini ya kitasa, na juu ya kiti napanga makopo mawili matupu ya soda, kitasa kikiguswa tu yaanguke nisikie. Nililala hivyo miezi. Kulala nasema tu.

Nilimweleza mkubwa mmoja kwa mdomo. Akaniambia nifikirie kazi yangu. Nikaomba uhamisho, nikanyimwa. Chumba cha pili kulikuwa na binti anavuta. Nikavuta naye, na usiku ule nikalala saa saba mfululizo. Nakumbuka niliamka nikashangaa kuona jua. Agosti 2011 kipimo cha mkojo kikanikamata. Nikakatwa mshahara, nikashushwa cheo, nikapelekwa kwenye madarasa ya watu wa ulevi. Machi 2012 kikanikamata tena. Novemba 2012 nikatoka.

Karatasi ya kutokea inaitwa DD-214. Kisanduku cha 24 ndipo wanapoandika umetoka kwa sifa gani. Changu kinasema masharti yasiyo ya heshima, wenyewe wanaita "other than honorable", kwa kifupi OTH. Kisanduku cha 28: utovu wa nidhamu, dawa za kulevya. Nilikuwa na haki ya kusikilizwa na bodi kabla ya kutolewa, lakini nililetewa fomu ya kuikataa, nikaambiwa nikisaini baada ya wiki mbili niko nje. Nilisaini nimesimama. Karani akanifariji kwamba miezi sita ikipita ile alama inajisafisha yenyewe.

Nilirudi Dar 2014. Bangi niliacha 2016. Mwaka huu nikaomba kazi ya usimamizi wa magari kwenye shirika moja hapa mjini, nikaandika kwamba nimeendesha malori ya jeshi. Wakataka DD-214. Nikawapa nakala fupi, ile isiyo na sifa wala sababu ya kutoka. Wakasema hapana, lete nakala namba 4. Sikurudi tena pale.

Sasa nimeandika barua ya rufaa, kurasa mbili. Bangi sijaigusa kabisa kwa sababu ndiyo inayoniharibia. Nimeeleza nilivyokuwa dereva mzuri, kilomita nilizoendesha bila ajali, na pongezi nilizopata. Iko sawa? Naituma wapi? Na ni lazima niende mwenyewe?

Mzee Karani:

Binti, pole. Nitasema bila kumung'unya maneno, maana nimevaa magwanda miaka mingi. Jeshi ni jeshi, liwe la kwetu au la kwao. Ulipimwa mara mbili, ukakutwa mara mbili, na karatasi ukasaini kwa mkono wako. Miaka kumi na ushee imepita. Una kazi, una afya. Ya nini kufukua?

Mpita Njia:

Nimesoma yote mpaka mwisho. Nje ya mada kidogo, hiyo bahati nasibu ya viza mtu anajazaje?

Mkaa Texas:

Mpita Njia, fungua uzi wako kaka.

Dada Dereva, pole sana. Mimi niko Texas, kazi yangu ni ukarani kwa mawakili, na Jumamosi najitolea kwenye kliniki ya sheria ya maveterani. Wakili mimi siye. Chukua haya kama maneno ya mtu aliyeshika mafaili ya aina yako mengi.

La miezi sita ni uongo, na ni uongo mkongwe. Karibu kila anayekaa mbele ya meza yetu aliambiwa hivyo hivyo siku ya kutoka. Hakuna kinachojisafisha. Usipoomba, kinabaki hivyo mpaka unazikwa.

Milango ni miwili. Wa kwanza ni bodi ya kupitia upya sifa za kutoka jeshini, fomu yake DD 293, na una miaka 15 tangu siku ya kutoka. Wewe ni Novemba 2012, kwa hiyo mwisho wako Novemba 2027. Mlango wa pili ni bodi ya kusahihisha kumbukumbu za kijeshi, fomu DD 149. Huo muda wake ni miaka 3 tangu ulipogundua kosa, ila wanaweza kukusamehe kuchelewa wakiona haki inadai hivyo. Usipange maisha kwa kutegemea msamaha huo. Pita wa kwanza ungali wazi.

Na ule wa kwanza una nafasi mbili ndani yake: wasome karatasi tu, au wakusikilize. Ukianza na karatasi wakakataa, bado unaweza kuomba usikilizwe. Ukianza na kusikilizwa, ile ya karatasi imekwenda. Kwa hiyo anza na karatasi. Kusikilizwa siku hizi kunawezekana kwa video au simu, tiketi ya ndege isikuumize kichwa. Kuomba ni bure. Na maelezo yako hayahitaji kupelekwa ubalozini kugongwa muhuri, dola 50 kwa muhuri mmoja. Sheria yao inakuruhusu utie sahihi chini ya tamko kwamba unayosema ni kweli na unajua adhabu ya uongo. Kwa kuwa uko nje ya nchi yao, tamko lazima litaje "chini ya sheria za Marekani". Watu huyasahau maneno hayo.

Sasa barua. Dada yangu, ichane.

Bangi ndiyo shahidi wako. Tarehe 25 Agosti 2017 wizara yao ya ulinzi ilitoa waraka ambao watu wa kazi hii tunauita waraka wa Kurta, kwa jina la ofisa aliyeutia sahihi. Uliotangulia wa 2014 ulizungumzia kiwewe. Huu wa 2017 ukataja waziwazi shambulio la kingono na unyanyasaji wa kingono, ukaziagiza bodi ziyatazame maombi ya namna hiyo kwa ukarimu. Bodi inajiuliza maswali manne: Je, mtu huyu alikuwa na ugonjwa wa akili au alipitia jambo linaloweza kumpunguzia lawama? Lilitokea akiwa kazini jeshini? Kweli linampunguzia lawama kwa kosa lile? Na je, lina uzito kuliko sababu ya kumtoa?

Soma la tatu tena. Utalijibuje kama kosa lenyewe umelificha? Matokeo ya mkojo wanayo, yako kwenye faili kabla hata jina lako hawajalimaliza kusoma. Ukikaa kimya wanabaki na picha ya dereva hodari ambaye siku moja aliamua tu kuvuta. Waraka huo unataja wenyewe dalili za kutafuta pale ambapo hakuna taarifa ya polisi: mtu kuomba uhamisho, kazi yake kushuka ghafla, kuanza pombe au dawa za kulevya. Wewe unazo zote tatu. Na unasema pia kwamba maneno ya mwanajeshi mwenyewe, hata bila karatasi nyingine, yanaweza kutosha kuthibitisha kwamba jambo lilitokea.

Fanya hivi. Piga mstari katikati ya karatasi. Juu andika alichofanya yeye, kwa tarehe au hata kwa mwezi. Chini andika ulichofanya wewe. Makopo ya soda yaandike. Saa saba za usingizi ziandike. Barua nyingi nimesoma zimejaa "niliathirika kisaikolojia", sentensi ambayo mtu yeyote anaweza kuiandika. Makopo yale huwezi kuyatunga.

Faili lako liombe kwa fomu SF-180. Omba la utumishi na la matibabu, yote mawili. Hata hilo ni bure.

Mambo mawili ya pembeni. Kama una mpango wa kuomba viza tena, zungumza na wakili wa uhamiaji kabla hujatuma, kwa sababu kukiri kutumia dawa za kulevya ni jambo linaloweza kukukwamisha kwenye viza. Kwenye faili lako tayari limo, lakini namna ya kulisema ina maana. Pili, idara ya maveterani ina uamuzi wake yenyewe, haisubiri bodi ya jeshi. Tangu Juni 2024 kanuni zao zinawataka wapime mazingira ya mtu, unyanyasaji wa kingono ukiwemo, kabla ya kumnyima stahili. Wakikubali kwamba tatizo lako la afya limetokana na utumishi, kuna mpango unaolipia matibabu ya tatizo hilo hata kwa aliye nje ya Marekani. Hata Dar.

Soba Kigamboni:

Dada, mimi jeshi silijui na Marekani sijafika. Ninachojua ni kuacha. Nilikuwa kwenye unga miaka tisa, nikanywa methadoni, dawa ya kuachia unga, pale Muhimbili, kisha nikakaa nyumba ya soba huku Kigamboni, na sasa nafanya kazi hapo hapo.

Kaka wa Texas kasema andika makopo. Sawa, lakini usiyaandike usiku, na usiyaandike peke yako. Nilipotakiwa kuandika historia yangu pale nyumbani nilikaa nayo saa nne usiku kitandani, nikajiona shujaa. Saa nane mwili ukaanza kudai, arosto ya mtu aliyeacha miaka miwili iliyopita! Sikujua inawezekana. Andika asubuhi, mtu akiwa jikoni anaosha vyombo. Nusu saa, funga daftari, kaendeshe basi lako.

Na andika Kiswahili kwanza. Kiingereza kitakupa maneno ya ofisini.

Dereva wa Kimanga:

Jamani. Nimesoma hayo majibu nikiwa nimeegesha nje ya shule, nikafunga madirisha.

Mzee Karani, shikamoo. Uliyosema nimeyasema mimi mwenyewe miaka yote hii, kwa hiyo sijakasirika.

Kaka Texas, kuna kitu sikukitaja kwa sababu sikujua kina kazi. Wakati ule nilikuwa namwandikia dada yangu wa Mbagala kwenye Facebook, kwa Kiswahili, karibu kila siku. Nimemwomba afungue akaunti yake ya zamani. Kaipata. Kuna ujumbe wangu wa Aprili 2011 unasema "leo kaja tena mlangoni dada, nimejifanya nimelala". Dada kajibu "ongea na wakubwa zako". Halafu tukaendelea kuongelea bei ya mahindi. Hiyo inafaa?

Jingine: barua za watu wa kunisemea. Hapa Kimanga nikienda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa nikamwambia habari hii, jioni inajulikana mpaka Segerea.

Mkaa Texas:

Inafaa? Dada, mtu alete ujumbe ulioandikwa siku ile ile, wenye tarehe, miezi minne kabla ya kipimo cha kwanza, halafu aulize kama unafaa! Piga picha ukurasa mzima, majina na tarehe zionekane, na hiyo bei ya mahindi iache humo humo. Inaonyesha hukuwa unatengeneza kesi. Tafsiri ifanyike rasmi, BAKITA wana huduma hiyo. Dada yako naye aandike barua yake: alikuona ukoje kabla, alikusikiaje wakati ule, ulirudi ukoje.

Barua za mtaani ni kwa ajili ya jambo jingine. Kuna waraka wa Julai 2018 unaoruhusu bodi kutoa nafuu kwa kutazama haki na huruma, pamoja na mwenendo wa mtu tangu alipotoka. Hapo mwenyekiti anahitaji kuandika tu kwamba anakufahamu, tangu lini, na mwenendo wako. Hiyo si ni barua ya kawaida mnayoandikiwa kila siku kwa mambo ya benki na dhamana? Muhuri, basi. Bangi haimhusu. Mwenye shule akiandika kwamba anakukabidhi watoto wa watu kila asubuhi, hiyo kwangu ni nzito kuliko zote.

Kuhusu wakili, bodi haikulazimishi kuwa naye, lakini kuna wanaofanya bure: vyuo vikuu vyenye kliniki za maveterani, Yale na Harvard wanazo, na lipo shirika la National Veterans Legal Services Program. Waandikie mapema, foleni ni ndefu.

Mzee Karani:

Marahaba binti. Nimerudi.

Nilikuwa karani wa kikosi miaka 11, huku kwetu, sina habari na mambo ya kule. Lakini mafaili ni mafaili. Faili la askari lina ukurasa wa kila alichofanya. Alichofanyiwa hakina ukurasa wake. Nimekaa tangu juzi nafikiria majina mawili matatu niliyoyaandikia kwa mkono wangu "utoro" bila kuuliza lolote, kwa sababu fomu haikuwa na mahali pa kuuliza.

Ninachotaka kukuambia ni hiki. Ulisema uliomba uhamisho ukanyimwa. Uliomba kwa maandishi? Kama ni maandishi, fomu iliyokataliwa huwa haitupwi. Inaandikwa imekataliwa, inatiwa tarehe, inawekwa. Makarani hatutupi kitu. Faili likija, usianze na ripoti ya mkojo. Itafute hiyo kwanza, uone ni ya tarehe ngapi. Kisha hesabu karatasi za maonyo: zilianza lini, na nani alizitia sahihi.

Soba Kigamboni:

Mzee umenitoa machozi bila kutarajia.

Mpita Njia:

Na mimi. Ila swali langu bado lipo.

Dereva wa Kimanga:

Narudi kuwapa mrejesho, maana uzi nilianzisha mimi.

Faili limekuja. Nimelichapisha kwa kijana mmoja wa stesheneri pale Relini, kurasa 143, nikasimama naye mpaka ya mwisho ili asisome. Nyumbani nikazitandaza kitandani. Nilifanya kama Mzee alivyosema.

Fomu ya uhamisho ipo. Ni ya tarehe 6 Juni 2011. Kwenye sababu niliandika "mambo binafsi", maneno mawili tu, na nilipoyaona nilikumbuka kalamu yenyewe, ya wino wa kijani kibichi, niliyoazima kwa karani kwa sababu yangu ilikuwa imekauka. Imekataliwa wiki mbili baadaye. Mkojo ni Agosti.

Karatasi za maonyo ndizo zilizonitoa jasho. Tangu 2009 mpaka Mei 2011, hakuna hata moja. Juni 2011 peke yake, baada ya mimi kusema, ziko tatu: kuchelewa dakika nne, buti halijang'aa, mtazamo mbaya. Zote tatu zina sahihi yake, ile sahihi yenye mkia mrefu. Nilikuwa nimeshasahau kwamba zilikuwepo. Miaka yote hii nilijua nilianza kuharibika baada ya bangi.

Maelezo nimeyaandika kwa siku kumi na moja, asubuhi, mpwa wangu akiwa jikoni. Kiswahili kwanza. Yametoka kurasa nne na bangi imo, mara zote mbili, na jina la binti wa chumba cha pili nimeliacha nje kwa sababu hajanikosea. Mwenyekiti wa mtaa kaniandikia aya moja na muhuri. Hakuuliza lolote, ila alitaka nimletee mtoto wake nafasi kwenye basi. Mwenye shule nilimweleza kila kitu, mlango umefungwa. Alikaa kimya, akasema nimpe siku mbili. Nilidhani ndiyo kazi imekwisha. Baada ya siku mbili akanipa barua ya ukurasa mzima, ameandika na idadi ya siku nilizokosa kazini tangu anichukue. Tatu. Msiba wa mama.

Kaka Texas, lile kopo la siagi nimelimwaga mezani nikapiga picha beji, nimeiambatanisha japo hukuniambia.

Nimeweka alama kwenye kisanduku cha kusoma karatasi. Wakikataa nitaomba video. Nimeshapiga hesabu: saa tatu asubuhi ya Washington ni saa kumi jioni ya hapa, na kwao ikiwa majira ya baridi ni saa kumi na moja. Saa kumi huwa niko Barakuda na watoto 34 nyuma yangu. Nimemwambia mwalimu wa zamu kwamba kuna siku moja sitaendesha, siijui bado ni lini. Kasema sawa.